Msimu wa Kokwa Bila Nyasi

29 Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Leo nguruwe wote themanini wa Don Leandro, mwenye shamba, wamepimwa na kuvishwa pete za waya puani, na sisi tumewekewa sharti. Naliandika kama lilivyosemwa, nisije nikalipamba baadaye.

Nicanor, msimamizi wa shamba, alilitamka akiwa juu ya farasi. Hakushuka.

"Eutimio, nisikilize vizuri. Ikifika sikukuu ya Mishumaa, mwezi wa pili, kundi liwe limeongeza arroba nne kwa kila kichwa. Likiongeza, mialoni inabaki na wewe unabaki. Lisipoongeza, Don Leandro analeta trekta na mnyororo, miti inang'olewa, inapandwa ngano. Na ngano haina haja ya mchunga nguruwe."

"Kokwa za mialoni mwaka huu ni nyingi, bwana," alisema baba. "Tazama matawi yalivyoinama."

"Mimi sitazami matawi. Natazama mizani."

Arroba moja ni kilo kumi na moja na nusu. Si uzito wa kutisha. Baba amezaliwa katika nyumba hii chini ya mialoni hii, na hajawahi kushindwa kunenepesha kundi. Nilimtazama usoni wakati Nicanor anaondoka, nikaona hana wasiwasi, nami nikaacha kuwa nao.

Pete ni amri ya Don Leandro. Hataki ardhi yake ifukuliwe. Nguruwe mwenye pete akisukuma pua udongoni anaumia, basi anaacha. Baba anazivisha kwa mkono mwepesi kuliko wachungaji wote wa huku. Bautista, mchungaji wa shamba la jirani ambaye huja kumsaidia baba kuangusha kokwa, alikuwa akishika miguu na kuwabembeleza: "Tulia, bibi harusi, pete ya ndoa hii. Mchumba mwenyewe umemtaka."

Wawili wa mwisho kuvishwa walikuwa wa kwetu. Ni haki ya mchungaji kuchanganya nguruwe wake wawili katika kundi la bwana, wale kokwa zile zile, na mwisho wa msimu ndiyo nyama yetu, mafuta yetu na soseji zetu za mwaka mzima. Mmoja ni jike asiye na jina. Mwingine Bautista alimpa jina la Askofu kwa sababu ya tumbo lake, na mama hujiwekea ishara ya msalaba kila anapomwita.

6 Oktoba

Hakuna mvua.

13 Oktoba

Hakuna mvua. Kisima kimeshuka.

20 Oktoba

Kokwa zimeanza kuiva. Nilimfuata baba baada ya misa. Anatumia fito mbili zilizofungwa pamoja kwa ngozi: ndefu anaishika, fupi inaruka na kugonga tawi. Nguruwe wanaijua sauti hiyo. Wakiisikia wanakuja mbio kutoka bondeni, masikio yakiwapigapiga machoni.

Napenda kuwaangalia wakila. Hawamezi kokwa nzima. Wanaivunja, wanazungusha ulimi, wanatema ganda, wanameza kiini. Bautista alisema, "Mke wangu humenya viazi vibaya kuliko huyu." Baba alicheka.

27 Oktoba

Hakuna mvua. Kwa kawaida siku hizi chini ya miti pangekuwa na nyasi changa za kijani, fupi kama nywele za mtoto. Mwaka huu ardhi ni ngumu na tupu kama sakafu ya jikoni kwetu.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Tulikwenda kuchoma njugu kondeni pamoja na familia ya Bautista kama kila mwaka, lakini upepo ulileta vumbi na tukarudi mapema. Njiani tulimkuta nguruwe mmoja amelala ubavu kando ya ukuta wa mawe, tumbo gumu kama ngoma. Alikufa kabla baba hajamfikia. Baba alimpasua kuona sababu. Utumbo wote ulikuwa umejaa kokwa kavu zilizoshikana kama udongo wa matofali.

"Amekufa ameshiba," alisema mama.

Nguruwe aliyekufa anahesabiwa bado: kundi lilipimwa likiwa na themanini, na Nicanor atapima jumla ya uzito akigawanya kwa themanini.

9 Novemba

Leo baba na Bautista walitundika mizani kwenye boriti ya ghala wakapima nguruwe kumi, kuonja tu. Mmoja ameongeza vizuri. Waliobaki hawajaongeza hata nusu ya kilichotakiwa kufikia sasa. Wawili wamepungua.

Wamepungua! Nao wanakula tangu alfajiri mpaka jua linazama!

"Waongezee," alisema Bautista.

"Nitawaongezea," alisema baba, akachukua fito zake akaenda kupiga miti hadi giza lilipoingia.

12 Novemba

Baba anapiga miti kutwa. Anakula akiwa amesimama. Kokwa zimetapakaa kila mahali na nguruwe sasa wanachagua, wanakula zile tamu tu na kuzikanyaga nyingine. Hakuna mvua.

14 Novemba

Nilimwuliza Mwalimu Engracia inawezekanaje mnyama ashibe na akonde. Hakucheka. Baada ya masomo alifungua kabati akatoa kitabu cha malisho cha marehemu kaka yake, aliyekuwa daktari wa mifugo, akaniketisha nisome mwenyewe.

Kuna jedwali la vyakula. Nilitafuta kokwa ya mwaloni. Wanga: mwingi sana. Mafuta: mengi, na mazuri. Protini: kidogo mno, kidogo kuliko shayiri, kidogo kuliko karibu kila kitu katika ukurasa ule.

"Wanga na mafuta ni kuni," Mwalimu alinieleza. "Zinaleta joto, zinaleta unene. Lakini mnyama anayekua anahitaji pia kitu cha kujengea nyama, na asipokipata hata hamu ya kula inampotea. Miaka mingine nguruwe wenu wanakipata wapi?"

Nilifikiri nikajibu, "Kwenye nyasi."

"Na mwaka huu?"

Kumbe baba anawamwagia kuni, na kila wanavyodhoofu anaongeza kuni.

15 Novemba

Nilimwambia baba wakati wa chakula. Labda nilichagua wakati mbaya.

"Babu yangu alinenepesha kwa kokwa," alisema. "Baba yangu alinenepesha kwa kokwa. Leo mwanangu ananiambia kokwa si chakula."

"Ni chakula, baba. Ni nusu ya chakula. Nusu nyingine ni nyasi, na nyasi hazipo."

"Basi niiteme mvua mimi? Niwanunulie nguruwe wa Don Leandro maharage, nilipe kwa kofia hii?"

"Kuna vitu ardhini. Mizizi, minyoo, mabuu ya wadudu. Kitabu kinasema nguruwe huvifukua mwenyewe, na ndani yake kuna protini. Ni pete tu zinazowazuia."

Baba aliweka kijiko chini taratibu. "Casilda. Pete ni amri. Nikimtoa pete nguruwe mmoja wa Don Leandro, Nicanor hangoji Mishumaa. Unaelewa? Kula."

Nilikula. Alikuwa sahihi, nami nilikuwa sahihi, na nguruwe wako nje wanakonda.

21 Novemba

Mama alinikuta nyuma ya ghala nikiwa na koleo ya waya. Nilidhani ataninyang'anya.

"Unataka kumtoa nani?" aliuliza.

"Askofu. Yeye si wa Don Leandro, ni wetu. Amri haimhusu."

Mama alitazama kuelekea mitini ambako fito za baba zilikuwa zikisikika. "Peke yako atakuvunja mguu," alisema, akakunja sketi yake, akampanda Askofu mgongoni, akamkalia. Askofu alipiga kelele za kusikika hadi Ureno. "Haraka, wewe! Mungu anisamehe, nimemkalia Askofu!" Nilikata waya, tumbo likiniuma kwa kicheko. Sijacheka hivyo tangu Septemba.

22 Novemba

Askofu amekwenda moja kwa moja kwenye kijito kilichokauka, ambako chini ya kokoto kuna unyevu bado, akazamisha pua hadi machoni.

26 Novemba

Hakuna mvua. Ulikuja ujumbe kutoka kwa baba mdogo aliye mjini Bilbao: kiwandani wanatafuta watu wa tanuru. Mama alisema, "Huko moshi unaingia hata kwenye mkate."

1 Desemba

Nicanor alipita akahesabu nguruwe kwa macho. "Mbona kama mbuzi hawa, Eutimio?" Akaondoka. Baba alibaki amesimama pale pale mpaka nilipokwenda kumwita.

8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria

Leo baba ameijua habari ya pete.

Alikuwa akikagua pua za kundi baada ya misa, akafika kwa Askofu, akaona hana. Nilijitokeza kabla hajauliza. Nikasema ni mimi. Mama, aliyekuwa akianika nguo, akasema, "Ni sisi."

Nilingoja makelele. Baba hapigi makelele, lakini nilingoja. Yeye alimwita Bautista, wakamfunga Askofu kamba, wakamtundika kwenye mizani. Kisha wakamtundika yule jike wetu, ambaye Septemba alikuwa sawa naye kwa uzito na ambaye pete yake ingali puani.

Askofu amemzidi kwa zaidi ya arroba moja.

Bautista aliondoa kofia. "Heshima yako, Baba Askofu."

Baba hakucheka. Alipima tena, Askofu kisha jike. Halafu akakaa juu ya gogo akauficha uso kwa mikono miwili. Nilidhani amenikasirikia mpaka nilipomsikia akisema, kwa sauti ndogo, "Mimi mwenyewe ndiye niliyewavisha. Kwa mikono hii."

"Ulikuwa hujui, baba."

"Kujua nilijua wana njaa. Nilikuwa nawaona wakisukuma pua, wanaumia, wanaacha. Nikasema ni uvivu."

Nilikaa karibu naye juu ya gogo. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona baba kama mtu ambaye anaweza kushindwa.

9 Desemba

Sikwenda shule. Tumetoa pete zote. Baba anakata, Bautista anashika, mimi na mama tunaswaga mmoja mmoja zizini. Tulianza alfajiri, tukamaliza jua likizama. Kila aliyetoka alikimbia hatua chache akasimama, akagusa ardhi kwa pua kama mtu anayegusa maji ya moto, halafu akaizamisha yote.

"Nicanor akija?" aliuliza mama.

"Akija atanikuta," alisema baba.

15 Desemba

Nicanor alikuja.

Bonde lote limegeuzwa. Kando ya kijito, chini ya miti, hata karibu na ukuta wa barabara, udongo uko juu chini. Alishuka kwenye farasi safari hii. Alitembea huku buti zake zikizama, akaokota donge la udongo, akamrushia baba miguuni.

"Umelima shamba la bwana kwa pua za nguruwe!"

"Naam."

"Bila ruhusa!"

"Ningeomba ungenipa?"

"Nisingekupa!"

"Ndiyo maana sikuomba, bwana."

Nilikuwa mlangoni pamoja na mama. Alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

Nicanor alisema pete zirudishwe kesho asubuhi. Baba akasema hazirudi. Alisema akizirudisha kundi litakonda, na kundi likikonda anafukuzwa. Asipozirudisha anafukuzwa pia. Basi bora afukuzwe nguruwe wakiwa wanakula. Aliyasema yote kwa utulivu huku amevua kofia. Nicanor alimwita mkaidi, akamwita punda, akaniona mimi, akasema, "Na huyu ndiye daktari? Nimesikia kijijini. Shule inawaharibu."

Nilitaka kujibu kuhusu jedwali. Mama alinibana mkono zaidi.

17 Desemba

Jibu la Don Leandro limefika kwa mdomo wa Nicanor: baba aachwe mpaka Mishumaa. Lakini uzito usipotimia, hatutapewa hadi Mei kuhama kama ilivyo desturi. Tutatoka siku hiyo hiyo.

Mama ameshusha sanduku la nguo kutoka darini, akalipangusa vumbi, akaliacha wazi. Sijamwuliza kwa nini. Nimekuwa nalizunguka kila ninapopita.

19 Desemba

MVUA.

20 Desemba

Mvua kutwa. Baba amesimama nje ndani yake bila koti. Mama anamfokea aingie, yeye hasikii, au anajifanya.

24 Desemba

Nyasi! Fupi mno, lakini ni nyasi. Zimeota kwanza palipofukuliwa, ambapo maji yaliingia.

6 Januari, sikukuu ya Wafalme

Jalidi kali. Mmoja wa kundi ameteleza kwenye genge la kijito akavunjika shingo. Sasa ni wawili waliokufa. Baba alimburuta kwa kamba mpaka nyumbani, akamlaza mbele ya mlango, akaondoka. Kokwa tamu za matawini zimeisha. Alizipiga nyingi mno mwezi wa Novemba, na analijua hilo. Zimebaki zile za mialoni ya magome ya vizibo kule mlimani, chungu, zinazochelewa kuiva.

9 Januari

Nguruwe wameonja kokwa chungu wakazitema. Wameshazoea tamu. Baba anawaswaga mlimani asubuhi, wanarudi bondeni peke yao.

11 Januari

Leo wamekula. Njaa imewafundisha. Wanakula kokwa chungu, wanashuka kula nyasi, wanafukua, wanapanda tena. Baba anasema manyoya yameanza kung'aa. Nami nimeyaona, si matumaini yangu tu.

17 Januari, Mtakatifu Antoni

Padri alibariki wanyama uwanjani. Alimsifu Askofu, akauliza anaitwaje.

"Hana jina, baba padri," alisema mama upesi. Bautista ilibidi aende nyuma ya kanisa.

Aliporudi hakuwa akicheka tena. Alimwambia baba kwamba bwana wake yeye, mwenye shamba la jirani, hakuweka sharti lolote. Ameshaagiza trekta ing'oe mialoni.

2 Februari, sikukuu ya Mishumaa

Upimaji ulianza asubuhi. Nicanor alikaa mezani zizini, baba na Bautista wakiingiza nguruwe mmoja mmoja kwenye sanduku la mizani. Wengi walikuwa wazito. Nilisikia namba, nikawa nazijumlisha kichwani, nikapotea, nikaanza upya.

Alipomaliza, Nicanor alijumlisha, akajumlisha tena, akakunja uso. Akanisogezea karatasi. "Daktari. Jumlisha wewe, baba yako asije akasema nimemwibia."

Nilijumlisha. Nilirudia kutoka chini kwenda juu, kama Mwalimu Engracia alivyonifundisha. Kisha nikagawanya kwa themanini.

Ilipungua. Haikupungua sana, kama kilo tatu kwa kichwa. Nguruwe walio hai walikuwa wametimiza na kuzidi. Waliokufa ndio waliotuangusha.

Kila mtu alikuwa ananitazama. Niliwaza, ningeweza kukosea namba moja tu katikati, na Nicanor ameshachoka. Mkono wangu haukuweza. Nikasema, "Haijafika." Niliposema nilimtazama mama, si baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeacha sanduku la nguo wazi.

Nicanor alishusha pumzi. Sidhani alifurahi. "Umejitahidi, Eutimio. Lakini wewe unajua maneno yalikuwaje."

"Yalikuwa kundi la themanini," alisema baba.

"Ndiyo. Na wawili wamekufa mikononi mwako."

"Basi nitawalipa." Baba aligeuka. "Marcelina."

Mama alikuwa ameshaelewa. Alifumba macho kidogo, akayafumbua, akatikisa kichwa kukubali. Baba alikwenda kwenye pembe ya zizi, akamfungulia jike wetu, kisha Askofu.

"Hao ni wako," alisema Nicanor.

"Walikuwa wangu."

"Eutimio, ni nyama yenu ya mwaka mzima."

"Pima, bwana."

Nicanor alizungusha kalamu. Don Leandro angepata nguruwe wawili wanono bila jasho, na yeye msimamizi angepeleka kundi kamili. Mwishowe akasema, "Pandisha."

Jike alipanda. Askofu alikataa, akajikita kwa miguu minne, ikabidi mama aende kumsukuma. Nilimsikia akimwambia, "Haya, baba, haya," bila ishara ya msalaba.

Nilijumlisha tena, machozi yakinidondokea karatasini, nikagawanya.

"Imefika," nilisema. "Imefika na kuzidi kidogo."

Nicanor alisoma, akatia sahihi. "Mwaka mmoja," alisema. "Mwakani tutaongea tena." Akampa baba mkono.

4 Februari

Lori limewachukua. Mama amefunga dirisha la upande huo.

7 Februari

Kila nyumba kijijini inachinja. Watu walituita tukasaidie kukata nyama, tukaenda, tukasaidia. Kila mmoja alitaka kutupa kipande, na baba kila mara alisema tunacho.

12 Februari, Jumatano ya Majivu

Tumepakwa majivu. Chakula cha jioni kilikuwa dengu na kabichi, maana leo Kwaresima imeanza na nyama ni marufuku.

"Mwaka huu Kwaresima imetukuta tumeshatangulia," alisema mama, na baba alicheka mpaka akakohoa.

Tulikuwa tungali mezani tuliposikia trekta. Ilikuwa ikija kwa barabara ya chini, na nyuma yake mnyororo ukiburuzika juu ya mawe. Mama alishika mkate ambao alikuwa hajaukata. Sauti ilikua mpaka vijiko vikatetemeka, ikafika kwenye lango letu, na hapo nilijikuta nasali bila maneno. Halafu ikapita. Ikapanda kilima kuelekea shamba la jirani, kwa Bautista.

Baba alinyanyuka, sahani ikiwa nusu, akachukua kofia msumarini. Mama alilifunga lile sanduku tupu, akambebesha begani.

"Watoto wake wana nguo nyingi," alisema. "Halitatosha, lakini wapelekee."

Nikavaa viatu nikamfuata.